Nyoka wa Chungu cha Maua: Mwili Mdogo Uliozunguka Dunia



Nimeombwa nizungumzie nyoka mmoja tu. Si chatu, si koboko, wala si kifutu. Ni nyoka ambaye wengi wenu mmekwisha kumwona bila kumtambua: kiumbe chembamba, cheusi, chenye kung'aa, kinachojinyonganyonga unapomwaga udongo wa chungu cha maua au unapoinua tofali baada ya mvua ya usiku. Wako wanaomdhania mnyoo. Wako wanaomwita ndumakuwili, wakiamini ana kichwa mbele na kichwa nyuma. Akitokea bafuni, hapewi nafasi ya kujieleza. Kandambili humaliza kesi.

Wanasayansi humwita Indotyphlops braminus. Mimi leo nitamwita nyoka kipofu wa chungu cha maua, au nyoka kipofu kwa kifupi, ingawa jamaa zake wanaostahili jina hilo ni wengi.

Hoja yangu ni moja. Ukiorodhesha vitu vinavyomfanya nyoka aogopwe, huyu amevikosa karibu vyote. Hana sumu. Hana chonge. Hawezi kupanua kinywa akameza mnyama mkubwa. Macho yake hayaoni umbo la kitu. Taya lake la chini halina hata jino moja. Na juu ya yote, hana dume. Pamoja na hayo, hakuna nyoka wa nchi kavu aliyeenea duniani kumzidi yeye; leo anapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Nataka kuwaonyesha kwamba mambo haya mawili hayapingani. Hivyo anavyovikosa ndivyo vilivyomfikisha mbali.

Alivyoingia vitabuni

Mwaka 1796 daktari Mskoti aliyeitwa Patrick Russell, mtumishi wa Kampuni ya Mashariki ya India, alichapisha London kitabu kikubwa chenye picha za nyoka wa pwani ya Coromandel, mashariki mwa India. Nia yake ilikuwa ya kitabibu. Alitaka watu waweze kuwatenga nyoka wenye sumu na wale wasio nayo, kwa sababu hofu ilikuwa imewaweka wote kapu moja. Miongoni mwa nyoka aliowachorea picha ni huyu wetu, aliyepatikana Vizagapatam, mji unaoitwa siku hizi Visakhapatnam. Jina la kienyeji aliloliandika Russell lilimtaja kuwa nyoka wa vichwa viwili. Kwa hiyo dhana ya ndumakuwili haikuzaliwa upande huu wa Bahari ya Hindi peke yake, na nitakapofika kwenye mkia mtaona kwa nini watu wa pande mbili za bahari walidanganyika kwa namna ileile.

Mwaka 1803 Mfaransa François Marie Daudin aliitegemea picha ya Russell akampa nyoka huyu jina la kisayansi, akimweka kwenye jenasi Eryx, ambayo leo ni ya wale nyoka wanene wa mchangani, jamaa wa mbali wa chatu. Tangu hapo amehamishwa kutoka jenasi hadi jenasi. Vitabu vingi vya shule bado vina Typhlops braminus au Ramphotyphlops braminus. Tangu mwaka 2014 yumo katika Indotyphlops, pamoja na jamaa zake wa Asia. Mwanafunzi akikutana na majina hayo matatu asidhani ni nyoka watatu.

Asili yake ni Asia ya Kusini. Kwetu sisi ni mgeni wa siku nyingi: yupo pwani ya Kenya na Tanzania, yupo Zanzibar, Comoro, Shelisheli na Madagaska. Hupenda mahali palipo na watu, yaani bustani, vitalu, majalala ya majani, kuta za zamani na udongo wenye unyevu karibu na mifereji ya maji machafu. Ukimtafuta porini mbali na makazi huenda ukarudi mikono mitupu. Geuza chungu cha mkadi au asumini nyuma ya nyumba baada ya masika, unaweza kumwona.

Ngozi, kichwa na mkia

Tuanze na kipimo. Nyoka kipofu aliyekomaa ana urefu wa sentimita 10 hadi 16 hivi, na mara chache hukaribia au kupita 20. Unene wake ni milimita chache tu. Watu husema ni mdogo kwa kuwa hajakua. Sivyo. Hapo ndipo ukubwa wake unapoishia, na udogo huo una hesabu yake.

Fikirini kazi ya kupita ardhini. Mnyama anayechimba hulazimika kuusukuma pembeni udongo wote uliokuwa mahali ambapo mwili wake utapita. Shimo lenye kipenyo cha milimita 30 lina eneo mara 100 ya shimo lenye kipenyo cha milimita 3. Kwa kila sentimita ya safari, nyoka mnene angesukuma udongo mara mia zaidi ya huyu. Zaidi ya hapo, mwili wa milimita tatu hauhitaji kuchimba kila mara. Unapita kwenye njia za sisimizi, kwenye nyufa za udongo uliokauka, kando ya mizizi, na kwenye mapengo yaliyoachwa na mizizi iliyooza. Wembamba ndio unaompa barabara ambazo wengine wamekwisha kuzitengeneza.

Sasa tutazame magamba. Chukueni lenzi, na msimguse kwa mkono, nitaeleza baadaye. Nyoka wa kawaida ana magamba ya aina mbili: madogo mgongoni na ubavuni, na mapana tumboni, yaliyopangwa kukingama kutoka ubavu hadi ubavu. Magamba hayo ya tumbo ndiyo humsaidia kushika ardhi anapotambaa. Nyoka kipofu hana magamba mapana ya tumbo. Mwili wake mzima umezungukwa na magamba yenye ukubwa uleule, safu 20 kuzunguka mwili, kuanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia. Ukimgeuza chali hutaona tofauti kubwa ya umbo, ila rangi ya tumbo huwa imepauka kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu chini ya ardhi hakuna juu wala chini. Nyoka anayetambaa barabarani hugusa dunia kwa tumbo peke yake. Anayepita udongoni huguswa na dunia pande zote kwa wakati mmoja. Ngozi iliyo sawa pande zote ndiyo inayofaa. Magamba hayo ni laini, yamelaliana kwa kubana, na hung'aa, hivyo udongo wenye maji hauyagandi. Tena yanamkinga: sisimizi wanapomvamia ndani ya kiota chao, meno yao hukosa pa kushika. Mweke nyoka huyu juu ya sakafu ya marumaru na utaona upande wa pili wa biashara hiyo. Atajinyonganyonga na kwenda kwa taabu, kwa kuwa ametolewa mahali ambapo ukuta humsukuma kila upande.

Rangi yake ni kahawia iliyokolea au nyeusi, mara nyingine ya kijivu chenye mng'ao wa zambarau. Anapokaribia kujivua gamba hubadilika akawa wa samawati iliyopauka, na hapo ndipo watu huapa kwamba wameona nyoka wa aina nyingine.

Kichwa chake hakina shingo. Nyoka wenye sumu kama kifutu wana kichwa kilichotokeza kando kwa ajili ya taya na tezi. Huyu, kichwa na kiwiliwili ni unene mmoja. Pua imefunikwa na gamba gumu lililopinda kutoka juu ya kichwa kwenda chini, na mifupa ya fuvu imeshikamana imara, kwa sababu kichwa hicho ndicho jembe lake. Kinywa hakiko mwisho wa pua. Kimerudishwa nyuma, chini ya kichwa, ili anaposukuma mbele udongo usimwingie mdomoni. Wahandisi wangeweza kukaa mwezi mzima wakabishana juu ya mahali pa kuweka mlango wa mashine ya kuchimba. Jibu liko kwenye kichwa kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Mkia nao ni mfupi mno, butu, na una unene uleule wa kichwa. Mwishoni pana mwiba mdogo. Ukimtazama kwa haraka huwezi kusema anakwenda wapi na anatoka wapi, na hiyo ndiyo asili ya habari za vichwa viwili. Akishikwa huubonyeza mwiba huo kwenye kidole. Mtu aliyeshtuka husema ameumwa, tena ameumwa na upande wa mkia! Mwiba hauna sumu na hauna nguvu ya kutoboa ngozi ya binadamu. Kazi yake ni kujikita kwenye udongo, ili nyuma pakazwe wakati kichwa kinasukuma mbele. Kuhusu adui, kufanana huko kwa ncha mbili kuna faida yake: kuku au ndege akishindwa kukijua kichwa kilipo, huenda pigo la kwanza likaangukia mkiani.

Macho na ulimi

Tunamwita kipofu, lakini hakukosa macho. Anayo mawili, nukta nyeusi mbili zilizolala chini ya magamba yanayopitisha mwanga. Hayaoni sura yako wala kandambili yako. Yanapambanua nuru na giza, na kwa mnyama huyu hilo ndilo swali pekee ambalo macho yanahitaji kulijibu. Nuru maana yake ametoka nje, kwenye jua litakalomkausha na kuku watakaomdonoa. Giza maana yake yuko nyumbani. Ndiyo maana ukiinua tofali anahangaika kutafuta ufa mwingine papo hapo.

Habari nyingine zote huzipata kwa ulimi. Ni ulimi wenye ncha mbili, kama wa nyoka yeyote, nao hutoka na kuingia upesi ukichukua harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilichoko kwenye paa la kinywa. Ardhini harufu haipeperushwi na upepo. Hubaki kwenye njia, na sisimizi ni watu wa njia. Nyoka vipofu na jamaa zao huweza kuifuata njia ya sisimizi mpaka ndani ya kiota, penye mayai na mabuu.

Ulimi huo, kwa taarifa ya wanafunzi, ndio dalili ya haraka ya kumjua. Mnyoo hana ulimi wa kutoa nje. Ukiona kinachong'aa kinachomoa ulimi, huyo ni nyoka.

Kinywa kisichopanuka

Nyoka wa kawaida hula mara chache na hula kitu kikubwa. Mifupa ya taya zake imelegezwa ili kinywa kipanuke. Nyoka kipofu amechukua njia iliyo kinyume kabisa. Hula vitu vidogo, vingi, na kwa kasi: mayai ya sisimizi, mabuu, na mchwa. Ndani ya kiota muda ni adui. Kila sekunde anayokaa humo, askari wanazidi kumjia. Kwa hiyo tatizo lake si namna ya kumeza kikubwa. Ni namna ya kumeza haraka.

Mtafiti Nathan Kley alilieleza jambo hili vizuri. Mwaka 1999, akiwa na Elizabeth Brainerd, alionyesha kwamba nyoka uzi wa Texas, jamaa wa mbali wa huyu wetu, ana meno kwenye taya la chini tu, na taya hilo hukunjuka na kukunjika likikokota mabuu kuingia kinywani. Mwaka 2001 Kley akaeleza upande wa familia ya nyoka wetu. Kwao mambo yamegeuka: taya la chini ni gumu na halina meno, na meno machache yaliyopo yako kwenye mifupa miwili ya taya la juu. Mifupa hiyo huzunguka kwa zamu, kulia na kushoto, ikichota mawindo kama reki inavyovuta majani, mara tatu au zaidi kwa sekunde moja. Hakuna kutafuna na hakuna kungoja. Familia mbili za wachimbaji zimekutana na shida ileile, moja ikatumia taya la chini, nyingine la juu.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Japani, Takafumi Mizuno na Yosuke Kojima, waliongeza habari ya kushangaza kuhusu nyoka huyu huyu wa chungu cha maua. Anapokula mchwa, mara kwa mara humwanza nyuma, humeza mwili mpaka kichwa kibaki nje, kisha hukisugua kichwa hicho ardhini mpaka kikatike, akakiacha. Kichwa cha mchwa kina ganda gumu lisilosagika vizuri tumboni. Vile vinavyomezwa hutoka vikiwa vizima kwenye kinyesi. Hatukuzoea kuona nyoka akiandaa chakula chake kabla ya kumeza. Sisi tuliofundishwa kwamba nyoka humeza mawindo mazima, basi huyu ametutengulia kanuni, naye ndiye tuliyemdharau.

Kinywa cha namna hii hakiwezi kumuuma mtu. Si kwamba ni mpole wa tabia. Hakuna mahali kwenye mwili wako ambapo kinywa hicho kidogo kilichofichwa chini ya pua kinaweza kupata pa kushika, na nyuma yake hakuna tezi ya sumu wala chonge la kuipitisha. Akishikwa, silaha zake ni tatu: kujinyonganyonga, mwiba wa mkia, na majimaji yenye harufu mbaya anayoyatoa nyuma.

Ndani ya mwili

Mwili mwembamba hulazimisha uchumi ndani pia. Viungo ambavyo kwetu vimekaa sambamba, kwa nyoka hupangwa kwa foleni. Kwa nyoka wengi pafu la kushoto limepungua au limetoweka, na la kulia limerefuka. Katika familia ya nyoka vipofu uchumi huo umefika hata kwenye uzazi: mrija wa mayai wa kushoto haupo, umebaki wa kulia. Wanafunzi wa biolojia wanaojifunza kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wana viungo vya uzazi viwili viwili waliandike hili pembeni mwa daftari.

Kwa kutumia mrija huo mmoja, hutaga mayai machache, mawili hadi manane, marefu na membamba, yenye urefu unaozidi sentimita moja kwa kiasi kidogo. Yai pana lisingepita. Kitoto kinachotoka ni mfano kamili wa mama yake, kikiwa na urefu wa sentimita tano au sita.

Jamii isiyo na dume

Nimesema mama. Sikuteleza. Mwaka 1974 Samuel McDowell alitoa wazo kwamba nyoka huyu huenda anazaa bila dume, kwa kuwa vielelezo vilivyochunguzwa vilikuwa vya kike. Mwaka 1980 Ronald Nussbaum, aliyechunguza nyoka hawa huko Shelisheli, jirani zetu wa baharini, aliongeza ushahidi. Mwaka 1987 Addison Wynn, Charles Cole na Alfred Gardner wakatazama ndani ya chembe. Walikuta kromosomu 42, yaani seti tatu za 14, badala ya seti mbili walizo nazo nyoka wengine. Mwenye seti tatu hawezi kuzigawa sawasawa kwa njia ya kawaida ya kupata mbegu za uzazi. Yeye hutaga yai linalobeba kila kitu, nalo hukua bila kusubiri mbegu ya dume.

Wako nyoka wengine, hata chatu, ambao mara mojamoja wamezaa bila dume wakiwa kifungoni. Hiyo kwao ni dharura. Huyu ndiye aina pekee ya nyoka tunayoijua ambayo imeifanya njia hiyo kuwa ndiyo njia. Binti ni nakala ya mama, na mama nakala ya bibi.

Sasa rudini kwenye ramani ya dunia. Mnyama mwingine akibebwa kwa bahati mbaya hadi nchi ya mbali, anahitaji bahati ya pili: akutane na mwenzi. Wengi hufa bila bahati hiyo. Nyoka kipofu anahitaji safari moja tu. Jike mmoja ndani ya udongo ulioshikamana na mizizi ya mmea, au hata yai lake, linatosha kuanzisha mtaa mzima. Hawaii alionekana mwaka 1930, na inaelezwa kuwa aliingia na udongo wa mimea kutoka Ufilipino. Florida, Marekani, alijulikana miaka ya 1970. Mexico na Australia yupo. Kote huko mlango wake ni ule ule, mmea wenye udongo, na ndiyo sababu akapewa jina la chungu cha maua.

Tazameni jinsi kila upungufu ulivyoshiriki. Udogo umemficha. Macho yanayokwepa nuru yamemweka katikati ya udongo hata udongo unapohamishwa. Kinywa cha mabuu kimempa chakula kila bandari, maana sisimizi na mchwa wako kila mahali penye joto. Kukosa sumu kumemwepusha na sifa, kwa hiyo hakuna askari wa forodha aliyemtafuta. Na kukosa dume kumemfanya kila mmoja awe ukoo kamili.

Kuna gharama, na mwanasayansi asiyeitaja hajamaliza hesabu. Jamii ya nakala haina mchanganyiko mwingi wa kurithi. Ugonjwa mpya utakaomshinda mmoja unaweza kuwashinda wote walio karibu naye. Bei hiyo bado hajadaiwa kwa namna tunayoiona, lakini ipo kwenye daftari.

Tusimchanganye na wengine

Huu ndio upande ambao nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu unahusu usalama.

Nyungunyungu ana pete kuzunguka mwili, ni mlaini, ana utelezi, na hana magamba wala ulimi. Sesilia, amfibia wasio na miguu wanaopatikana kwenye milima yetu kama Taita na Usambara, nao wana pete na ngozi yenye unyevu. Amfisbena, jamaa wa mijusi wanaochimba, wana magamba yaliyopangwa kwa pete. Nyoka kipofu hana pete. Magamba yake yamelaliana.

Nyoka uzi wa asili ya hapa ni mwembamba zaidi, na mwili wake una safu 14 za magamba badala ya 20. Nyoka vipofu wakubwa wa Afrika, kama Afrotyphlops mucruso wa bara, hukaribia urefu wa mita moja. Hao pia hawana sumu, na hula mabuu na mchwa vilevile. Mtu akikwambia kwamba nyoka kipofu mnene aliyemwona shambani ni mama wa wale wadogo wa bustanini, mweleze kuwa ni aina tofauti.

Hatari iko kwa mchimbaji mwingine, wa jenasi Atractaspis. Huyo pia ni mweusi, hung'aa, hukaa udongoni, hutoka usiku baada ya mvua, na mkia wake mfupi una ncha. Lakini ana chonge refu ambalo hulitoa pembeni ya mdomo akiwa hajafungua kinywa, akalichoma kwa kurudi nyuma. Ndiyo maana hakuna namna salama ya kumshika, hata nyuma ya kichwa pale ambapo wazoefu hushika nyoka wengine. Sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe, na watu wamepoteza sehemu ya kidole. Hapa kwetu hakuna dawa maalumu ya kuipinga sumu hiyo. Yeye huwa mrefu, sentimita 30 na zaidi akikomaa, macho yake ni madogo lakini yanaonekana wazi, na tumboni ana magamba mapana. Mtoto wake, hata hivyo, anaweza kuwa mdogo wa kumchanganya mtu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: mtambue kwa macho, usimtambue kwa vidole. Mwalimu anayetaka kumwonyesha darasani amsukumie kwa kijiti kwenye chupa yenye udongo wa unyevu, wanafunzi wamtazame kupitia kioo, kisha arudishwe alikotolewa. Akiingia bafuni, amepanda na bomba la maji machafu au amepita kwenye ufa wa ukuta. Mzoe kwa kizoleo na fagio umpeleke bustanini. Kuziba ufa kutawafaa zaidi kuliko kumwaga mafuta ya taa. Na mtu akiumwa na nyoka yeyote ambaye hakumtambua kwa hakika, asikate jeraha wala kulifyonza. Atulie, avue pete na saa kwenye mkono ulioumwa, apelekwe hospitali.

Kazi kwa wenye vitalu

Nimalizie na ninyi wa vitalu. Mtaniuliza: huyu mgeni tumfukuze? Kwa kadiri inavyojulikana hali mizizi, haharibu miche, na hula mchwa ambao ninyi wenyewe mnawalalamikia. Sitamsifia kuwa dawa ya mchwa. Idadi anayokula ni ndogo mno kuokoa shamba. Lakini kumuua hakuongezi chochote kwenye mavuno yenu.

Fundisho lake kwenu liko mahali pengine. Nyoka mwenye urefu wa sentimita 15 amesafirishwa kuvuka bahari zote bila mtu kumwona. Basi mjiulize ni vitu gani vingine vimepita kwa mlango huohuo: minyoo ya mizizi, ukungu wa mnyauko, mayai ya sisimizi wavamizi, mbegu za magugu. Tunakagua majani ya mche kwa bidii, tukayageuza tukitafuta doa, kisha tukaupakia mche pamoja na kilo mbili za udongo ambao hakuna aliyeuangalia. Nyoka huyu hakuleta hasara, lakini amethibitisha kwamba njia iko wazi.

Hivyo nawapa kazi tatu. Udongo wa kujaza viriba uchukuliwe sehemu inayojulikana, na usichanganywe kutoka wilaya moja hadi nyingine bila sababu. Miche inayotoka mbali itengwe kando kwa muda kabla ya kuwekwa pamoja na mingine. Na anayegeuza viriba aandike anachokikuta chini yake, kwa tarehe, hata kama ni kwa penseli kwenye daftari la mauzo. Walimu wa sayansi walioko hapa wawasaidie kuzisoma safu za magamba, 14 au 20, kwa lenzi ya bei nafuu. Daftari kumi za namna hiyo, kutoka vitalu kumi vya pwani hii, zitatueleza mengi juu ya wanaosafiri na udongo wetu.